Ubao Unaozunguka

Jumanne, 14 Machi 1967. Asubuhi mvua nyembamba, milima ya Kongo haikuonekana.

Leo waya haikujifunga hata mara moja. Ningefurahi zaidi kama...

Tangu mwenzangu Furaha aolewe Uvira, nakata waya za mafundi umeme peke yangu pale depo ya shantie, kwenye ujenzi. Zamani yeye alishika rola ya waya mikononi akiizungusha polepole, nami nilirudi nyuma na ncha mpaka mlangoni, tukizungumza njia nzima. Ukiivuta rola iliyolala chini, waya inajisokota na kupiga mafundo.

Nimemwomba kapita, msimamizi wetu, mtu wa pili tangu Krismasi. Leo nilichoka kungoja. Nilisimika bomba katika ndoo ya mchanga, nikalivisha ubao uliotobolewa katikati, nikaweka rola juu yake. Nikivuta, ubao unazunguka na waya inakuja imenyooka.

Kapita alikuja, akauzungusha kwa kidole kama mtoto.

"Eh, Dada Imelda! We uko fundi kweli!"

"Na ule mutu wa kunisaidia, chef?"

"Mutu wa nini tena? Si huyu ndoo? Na yeye hapigi domo siku nzima!"

Mafundi walicheka, nami nikacheka. Sikumwambia kwamba domo hilo ndilo nililokuwa naliomba.

Kazi iliisha kabla ya adhuhuri. Nilikaa depo mpaka jioni, mlango wazi, na hakuna aliyehitaji kuingia. Naogopa kwa ubao huo nimejifungia humo mwenyewe, kwa mikono yangu.

Saa tano na nusu usiku. Nazima taa.