Ufagio, Mara ya Tatu

Jumapili, 1 Juni 2025
Ukungu, baridi. Nimeamka saa kumi na moja kasorobo.

Usiku wa kwanza mtaani Area 47 umekwisha. Mchungaji wetu alinileta jana jioni kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Familia ya Kamwendo itakaa nami mwaka mzima nikisomea uuguzi, kwa barua mpya kila muhula. Mwenye nyumba, ninayemwita Bambo, yaani baba, anafanya kazi wizarani, Capital Hill. Mkewe amesema nimwite Amayi, mama. Mtoto mmoja, Amanda, miaka minane. Na yupo NaMwale, mama wa makamo anayefanya kazi za ndani.

Nina chumba changu. Kitanda, mlango, pazia. Kambini tunalala watano chumba kimoja, na Gabriella mdogo wangu hunipiga mateke mpaka asubuhi. Hapa hakuna wa kunipiga mateke. Sikulala vizuri.

Hakuna anayesema Kiswahili nyumba hii. Kichewa, lugha ya hapa, ninacho, cha shule na cha sokoni. Kiswahili kitabaki humu daftarini.

Maman alivyoniaga, cherehani ikiendelea kulia: "We Annuarite, kule usikale sawa mugeni. Siku ya tatu shika ufagio, usingoje bakupatie. Bantu banachoka na mugeni mwenye kukala tu."

Nimelala saa tano.

Jumatano, 4 Juni 2025
Jua, upepo wa vumbi. Nimeamka saa kumi na nusu.

Juzi nilishika ufagio wa uani. NaMwale akauchukua mkononi mwangu. Nikacheka, nikamwambia zikomo, asante. Jana tena, na aliuvuta kwa nguvu kidogo. Leo nimeamka kabla yake. Alinikuta nimeshafagia mpaka langoni. Akasimama, akaniangalia, akaniacha.

Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Mgeni akishika ufagio, mwenye nyumba humnyang'anya mara mbili. Mara ya tatu humwachia, na hapo si mgeni tena.

Siku tatu tu — na nimekuwa wa nyumbani. Nimemtumia Maman ujumbe. Amejibu: "Njo vile nilikukomalisha," ndivyo alivyonikuza.

Jumatano, 11 Juni 2025
Baridi. Nimeamka saa kumi.

Uani, vyombo vya jana, sakafu ya sebuleni — vyote kabla ya saa kumi na mbili. Halafu chuo. NaMwale hanisemeshi. Nadhani ni mtu wa haya.

Nimesinzia katika somo la mifupa. Nimelala saa sita.

Jumamosi, 14 Juni 2025
Mawingu, bila mvua. Nimeamka saa kumi.

NaMwale ameondoka. Nilirudi kutoka maktaba nikakuta kitambaa chake cha jikoni kimetundikwa kwenye kitasa cha mlango wangu. Sijui aliyekitundika ni yeye au ni Amayi.

Wakati wa chakula Amayi alimweleza Bambo kwa nini amemwachisha kazi. Kwamba siku hizi NaMwale alikuwa mvivu. Kwamba saa tatu asubuhi alimkuta amekaa kwenye ngazi, mikono mapajani, hana la kufanya. Bambo akasema mtu wa hivyo wa nini. Wakaendelea na nsima, ugali wa hapa.

Alikuwa amekaa kwa sababu kazi yote nilikuwa nimeimaliza mimi.

Niliosha vyombo. Hakuna aliyeninyang'anya.

Jumatatu, 23 Juni 2025
Manyunyu. Nimeamka saa kumi kasorobo.

Nimechelewa wodini, mara ya pili. Leo sababu ilikuwa sare ya Amanda, haikuwa imepigwa pasi. Mkufunzi ameandika jina langu kwa kalamu nyekundu. Sheria ya chuo wanaijua wote: kuchelewa wodini mara tatu, hufanyi mtihani wa muhula. Na mimi nisipofanya mtihani, ufadhili wangu wa masomo umekwisha. Ni Dzaleka.

Kurudi, kwenye kituo cha basi, nikamwona NaMwale. Ana beseni la viazi vitamu vya kuchemsha. Nikapiga goti nimsalimie.

"Aa, mkimbizi wangu," akasema. Wanawake wawili wakageuka. "Huyu ndiye niliyewaambia. Kwetu Dowa, kwenye kambi yao, walimaliza kuni. Sasa wamefika kwenye mifagio."

Nikamwambia anisamehe, kwetu ile ni heshima.

"Heshima yako imenila." Halafu akapunguza sauti: "Ulikuwa unaamka saa ngapi?"

Saa kumi, nikasema.

"Mimi mwishowe nilikuwa naamka saa tisa. Nalala macho wazi, nasikiliza mlango wako."

Nilitaka kununua kiazi. Akamgeukia mteja mwingine.

Jumapili, 29 Juni 2025
Jua zuri. Nimeamka saa kumi na moja. Jumapili.

Amanda ana kazi ya shule: achore watu wa nyumbani kwao na aandike kila mmoja anafanya nini. Bambo ana tai. Amayi ana biblia na simu. Mimi niko pembeni, mrefu kuliko nyumba, nina ufagio. Chini ya jina langu hakuandika kitu.

"Achemwali," akaniuliza — dada, ndivyo anavyoniita — "wewe ni mgeni au ni kazi?"

Nikamwambia mimi ni mwanafunzi. Akafikiri. Akasema mwanafunzi ni yeye.

Jioni nimempigia Maman. Nilitaka kumwambia yote. Niliposikia cherehani nikaanza na salamu, halafu nikasema ninachoka. "Vumilia, mama. Mi niko nashona mpaka macho inaniuma. Ufagio haiue muntu." Nikauliza Gabriella analala na nani siku hizi. Analala mahali pangu.

Alhamisi, 3 Julai 2025
Manyunyu ya chiperoni, ile baridi ya ukungu ya hapa, tangu alfajiri, vidole havishiki kalamu. Nimeamka saa kumi.

Kesho ni wodi ya mwisho kabla ya mtihani. Saa moja kamili. Kutoka hapa ni lazima niondoke saa kumi na mbili.

Jioni Amayi alikuwa anakata vitunguu. Akasema kesho saa tatu akina mama wa kanisa wanakuja kusali hapa. Tuamke mapema, tufagie, tupige deki, tukaange mandasi, maandazi ya hapa. Amekuwa akisema hivi, tufanye pamoja, wiki tatu, na asubuhi huwa niko peke yangu.

Juu ya friji, chini ya kopo la chumvi, kuna barua yangu. Ni ya familia kukubali kukaa nami muhula wa pili. Bila barua hiyo sina kibali cha kuishi nje ya kambi. Mchungaji anaifuata Jumamosi. Bado haina saini.

Nilikwenda chumbani. Nikayapanga maneno kwa Kiswahili, nikayageuza Kichewa, nikayarudia mara nne. Nikarudi jikoni, nikapiga magoti.

Nikasema: Amayi, kesho naondoka saa kumi na mbili. Sitafagia wala kukaanga. Nimechelewa mara mbili. Nikichelewa tena sifanyi mtihani.

Kisu kikasimama. "Mara mbili? Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Mimi ni fisi?"

Amanda akacheka mezani. Amayi hakucheka. Akasema alidhani napenda. Kila asubuhi ananisikia, naye hakunituma hata siku moja. Alimwambia Bambo, huyu mtoto ana mikono isiyotulia. Ni kweli. Hakunituma. Nilianza mwenyewe.

"Sasa nani atafagia?" Aliviuliza vitunguu, si mimi.

Nikasema NaMwale yuko kituoni, anauza viazi. Nikasema hakuwa mvivu. Kazi yake niliifanya mimi kabla hajaianza, ndiyo maana alikuwa amekaa.

Akafunika sufuria. Halafu: "Chabwino." Sawa.

Maganda ya vitunguu yalikuwa sakafuni. Sikujua mikono niiweke wapi. Nikachukua ufagio. Amayi akauvuta kutoka mkononi mwangu — si kwa nguvu — akaondoka nao mpaka chumbani kwake.

Kwetu mwenye nyumba humnyang'anya mgeni ufagio. Hii ni mara yake ya kwanza. Sijui kama hapa nimerudishwa kuwa mgeni, au nimetolewa.

Maganda nimeyaokota kwa mkono.

Nimetoka mara mbili kunywa maji. Barua bado iko chini ya chumvi. Chumbani kwao taa inawaka, wanaongea kwa sauti ya chini. Nimesikia jina la NaMwale. Nimesikia langu. Mengine sikuyashika.

Kengele ya simu nimeiweka saa kumi na moja na nusu. Si saa kumi. Sare iko kwenye kiti, viatu viko mlangoni.

Saa tano na dakika ishirini. Nalala.