Maziwa ya Baba Mkwe

Odeta, sina uso! Nimemnyang'anya baba mkwe kikombe cha maziwa. Mkononi kabisa!

Si unajua anatumia sipro, ile dawa ya kidonda aliyoandikiwa hospitali? Siku zinaenda, kidonda hakiponi. Leo nikafungua ile tovuti ya dawa uliyonionyesha, siyo zile habari za Facebook za vitunguu swaumu. Imeandikwa wazi: usimeze na maziwa, dawa haitafanya kazi vizuri.

Nainua macho, mzee kaweka kidonge mdomoni, kikombe cha maziwa kiko njiani. Nikakinyakua!

Akaniangalia. Mimi, mkwe ambaye hata kula naye pamoja siwezi!

"Mama Kabula, unaninyima maziwa ya ng'ombe zangu?"

Ya ng'ombe zangu, Odeta! Mbele ya wageni waliotoka Mwese!

Nikampigia mfamasia wa hospitali, nikaweka spika. Akasema ni kweli, dawa ameze na maji, maziwa yasubiri.

Mzee akakohoa. Halafu akaniambia kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake:

"Iulize tena hiyo simu yako. Nikiacha dawa, maziwa si ruksa?"