Kona ya Mikaratusi

Kosmas, ndugu yangu,

Kwanza nikugombeze. Mtu gani anaondoka mashindano yakiwa yamekaribia vile? Uliniambia ni homa kidogo tu, utameza dawa, Jumamosi tutakuwa wote garini. Kumbe malaria ilikwishapanda kichwani. Nilikuacha hospitalini unacheka, niliporudi na chupa ya uji nikakuta kitanda kimetandikwa. Nesi alinipokea chupa. Mpaka leo uji siunywi.

Mbinga uliyoiacha inabadilika kila siku. Wanunuzi binafsi wa kahawa wamezidi, kila mmoja na ghala lake, na wakulima wanabembelezwa kama bibi harusi. Yule mnunuzi aliyechonga njia ya mashindano ya magari nyuma ya ghala lake, ili watu wamjue, aliyaahirisha kwa ajili ya msiba wako. Tulipoanua matanga akaja kuniuliza kama bado nitakimbia. Wazee wa ukoo wenu wakasema gari letu lina mkosi, liachwe lioze. Mama yako akawajibu, "Lile gari walilifufua wawili. Mmoja bado yupo."

Unakumbuka tulivyoipima ile njia kwa miguu? Watu walitucheka, wenye gari wanatembea! Wewe ulikuwa peku, unaikanyaga ardhi, unaniambia hapa pagumu, hapa patateleza. "We mla dagaa wa usipa," ukaniambia, "ziwani kwenu hakuna kona, nisikilize mimi." Nikakujibu kwamba ninyi Wamatengo mmezoea kuchimba ngoro, mashimo yenu ya kulimia, huko milimani, mambo ya magurudumu mmeyajulia wapi? Lakini nilikusikiliza. Ile kona ya mikaratusi, kwenye mteremko, inamdanganya kila mtu. Ukiiona unadhani ndiyo hii, unakata, kumbe inazidi kujikunja huko mbele. Ukiisha kukata mapema, gari linakutupa nje. Lazima ukanyage breki gari likiwa limenyooka, uweke gea ya pili, halafu uvumilie. Kazi ya kuvumilia ilikuwa yako. Ulikaa kushoto, helmeti ya pikipiki imekubana masikio, unapiga kelele: "Ngoja! Ngoja! Ngoja... kata!" Mimi ile kona sikuwahi hata kuiangalia vizuri. Nilikuwa nakusikiliza wewe tu.

Siku yenyewe nilikimbia peke yangu. Walinipa kijana wa kukaa kwenye kiti chako, nikamkataa. Nilianza vizuri, nikampita mmoja kwenye tambarare, nikateremka kuelekea mikaratusi. Breki, gea ya pili, nikatulia. Nikangoja. Haki ya Mungu, Kosmas, niliingoja sauti yako kama vile upo. Mikaratusi ikapita, nami bado nangoja uniambie nikate. Gari likaenda moja kwa moja likaingia kwenye ngoro za watu, gurudumu la mbele likatumbukia shimoni, injini ikazima.

Sikuumia. Nililia. Mwanamume mzima, mikono kwenye usukani, mbele ya watu wote wale. Siku ya mazishi sikupata nafasi ya kulia, nilikuwa nahangaika na jeneza na usafiri wa wageni. Pale kwenye ngoro ndipo nilipojua kwamba umekufa.

Vijana walilisukuma gari likarudi njiani. Nilikuwa nataka kulipeleka nyumbani na nisiliguse tena maisha yangu yote, nikasikia mlango wa kushoto unafunguliwa. Mama yako! Yule yule aliyekuwa akiliita jeneza la bati, kajifunga kaniki yake ya msiba, anajipenyeza kwenye kiti. Nikamwambia, "Shikamoo Mama. Shuka tu, mchezo umekwisha."

"Marahaba. Nionyeshe alichokuwa anakipenda mwanangu."

Tukaizunguka ile njia polepole. Wenzangu walikwisha kumaliza, watu wanatawanyika. Mama kashika rozari mkono mmoja, mkono mwingine kang'ang'ania mlango, na kila kona anafumba macho. Tulipoanza kuteremka kwenye mikaratusi akaniuliza kwa woga, "Bado?" Nikamwambia, "Bado, Mama. Ngoja. Ngoja kidogo." Nikaitazama ile kona yote, mwanzo mpaka mwisho, kisha nikakata. Gari likageuka bila kuteleza hata kidogo.

Mama alicheka, Kosmas. Alicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu tukuzike, halafu kicheko kikageuka kilio. Sikusimamisha gari. Nilimwacha alie, nikaendelea kuendesha mpaka tukafika.

Basi pumzika, ndugu yangu. Ushindi sikuahidi, wale jamaa wana magari mazuri kuliko letu. Ninachokuahidi ni kwamba msimu ujao nitakimbia, na Mama yako hatakosa mtoto wa kumpeleka kanisani wala wa kumchumia kahawa yake. Ila usinitake niache kulia. Hilo siliwezi.

Ndugu yako,
Wilfredi