Orodha Niliyoipanga Vizuri

Mwikali mjukuu wangu,

Huku Kilungu tuko wazima. Ng'ombe amezaa dume tena, kama kawaida yake.

Unauliza kwa nini ile fanksheni ya kupanga orodha kwenye kompyuta inakupa orodha mpya na kuiacha ya zamani vile ilivyokuwa. Nikiwa msichana nilikuwa karani wa mwethya, kikundi chetu cha kuchimbiana matuta ya kuzuia udongo shambani kwa zamu. Karatasi ya majina ilikuwa imechakaa, basi nikayapanga kwa alfabeti kwenye karatasi mpya, nikaichoma ile ya kwanza. Kumbe mfuatano ule ndio ulikuwa zamu zenyewe. Syombua, aliyekuwa anafuata, na shamba lake ni mteremko mtupu, akajikuta wa mwisho. Mimi Kalondu nikawa wa pili.

"Karani," akaniuliza mbele ya wote, "kwani mvua nayo inafuata alfabeti?"

Zamu za zamani hakuna aliyezikumbuka, ila kila mtu alikumbuka yake iko karibu. Tukamchimbia Syombua kwanza. Mimi nikajiandika wa mwisho, na mvua ikanikuta hapo, sijachimbiwa. Udongo wangu uko kwa jirani wa chini hadi leo, na anavuna vizuri.

Susu wako,
Kalondu