Fimbo ya Bawaba

Jumatatu, 1 Julai
Mazoezi ya gofu kabla ya kufungua kibanda cha cherehani. Upepo mkali. Mabua mawili ya alizeti chini, moja la kunyooshea miguu, jingine la kunyooshea mpira. Wavu niliouunga kwa magunia ya vitunguu umehimili. Bado naparaza mpira. Kocha anasema nainua kichwa.

Jumatano, 3 Julai
Baba Asha karudi kutoka Dodoma. Mimi kaniletea zabibu. Dada yake, Zaituni, kamletea fimbo ya mazoezi. Ina bawaba shingoni. Ukiivuta nyuma kwa pupa kabla ya kupiga inakunjika, ukivuta taratibu inabaki imenyooka. Nani alianza gofu? Mimi. Nani alimshika wifi mkono akamleta uwanjani? Mimi. Zabibu nimewapa kuku.

Jumamosi, 6 Julai
Kocha katangaza. Mashindano ya Arusha atakwenda mwanamke mmoja tu. Tuko wawili. Mchujo Jumamosi ijayo.

Fimbo ya Zaituni haikunjiki kabisa. Akaniambia, "Wifi, ijaribu na wewe." Nikasema mkono unauma. Hauumi.

Jumapili, 7 Julai
Nimeamua kununua kifaa changu. Kocha alinionyesha kwenye simu. Zulia linaloonyesha fimbo imegusa wapi. Kioo cha kulaza chini, ujione kichwa. Fimbo ya bawaba.

"Mama Asha, chukua kioo," akasema. "Wewe shida yako kichwa."

Nimeagiza fimbo ya bawaba. Nyekundu. Ya Zaituni ni nyeusi tu.

Alhamisi, 11 Julai
Imefika na basi. Inakunjika kila nikivuta. Inakunjika hata nikiitazama. Baba Asha kaniuliza nimenunua ya nini wakati ya Zaituni ipo. Nina wivu. Namwonea wivu wifi yangu. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu.

Jumamosi, 13 Julai
Nimeshindwa. Anakwenda Zaituni.

Kocha alikuwa ameturekodi kwa simu, akanionyesha. Kila nikipiga, kichwa kinainuka. Lakini hakifuati mpira. Kinageuka nyuma, pale aliposimama Zaituni. Mpira wa kwanza hivyo, wa mwisho hivyo. Kocha akaenda kukusanya mipira. Afadhali angenisema.

Alhamisi, 18 Julai
Zaituni kaondoka na basi la asubuhi. Kaka yake kambebea begi. Mimi nilimfungia chapati. Alinikumbatia stendi, nami nikamkumbatia, ingawa roho ilikuwa bado inaniuma.

Nikapitia uwanjani. Peke yangu na mabua yangu. Fimbo nyekundu niliiacha nyumbani. Nikapiga. Kichwa hakikuinuka. Mpira ukanyooka ukaingia katikati ya wavu, sijawahi kupiga vile.

Nikageuka nyuma nione kama Zaituni ameona.

Nikaokota mpira, nikaja kufungua kibanda.