Beringi za Baiskeli Yako

Mama Zena, mke wangu,

Leo binti yako ametoka na baiskeli yako, na mimi tangu asubuhi sijashona hata pindo. Cherehani iko mbele yangu, kitambaa kiko juu yake. Naogopa. Nimeona nikuandikie wewe, maana mtaani nikimwambia mtu anacheka.

Hata wewe ulikuwa unacheka. Unakumbuka siku uliyoileta? Mtumba wa Japani, ya gia, matairi yana meno mapana kama ya trekta, na ulitoka nayo Kariakoo ukiikokota kwa mkono kwa sababu ulikuwa hujui kuipanda. Nilidhani umemnunulia mtu. Wiki haijaisha nikakuta uko uwanja wa shule, suruali chini ya dera, dera umelipiga fundo kiunoni, na nusu ya Ilala imejipanga kumtazama mke wa fundi cherehani akianguka. Ulianguka sana. Kisha ukaacha kuanguka, nao wakaacha kuja kutazama.

Madera niliyoshona yakaanza kufika kwa wateja wa Buguruni yakiwa bado na joto la pasi. Mimi nilikusindikiza mpaka kona, nikikutajia malori, bajaji, mitaro isiyo na mifuniko na madereva wanaoendesha huku wanasoma simu. Ulisikiliza kwa adabu zote, mguu mmoja tayari juu ya pedeli. Siku moja ukaniambia, "Baba Zena, hofu yako ishonee mfuko, uitie humo, halafu uniachie njia."

Wala hukuchukuliwa na lori. Miaka yote nilikuwa nakuchunga na barabara, presha ikakukuta jikoni umekaa kwenye kigoda unachambua mchele. Hilo limeniharibu, mke wangu. Zamani nilikuwa naogopa barabara peke yake. Sasa naogopa hata vigoda.

Arobaini ilipokwisha nikaanza kuitunza baiskeli yako. Kila Ijumaa nikitoka msikitini niliitoa uani, nikaipangusa vumbi, nikaigeuza matairi juu na kuidondoshea mafuta ya cherehani kila panapozunguka, zaidi pale katikati inapopita ekseli ya pedeli. Hakuna aliyeipanda. Nilijiona bado nakufanyia kitu.

Sasa Zena amepata kazi kwenye duka la dawa Buguruni. Wiki iliyopita akaitoa baiskeli bila kuniuliza, akaenda nayo mpaka kona na kurudi. Inagonga, akasema. Pale katikati inagonga, na mara nyingine pedeli inakwama kidogo halafu inaachia. Tukaipeleka kwa fundi baiskeli wa mtaa wa pili. Akaifungua na kutoa beringi mbili, moja ya kila upande wa ile ekseli, zote zimeliwa na kutu, ukizizungusha zinasaga kama zina mchanga ndani. Akanifungia kwenye gazeti. Saizi ni nyingi, akasema, niende nazo Kariakoo kama sampuli, na nisipopata mpya atazirudishia hizo hizo.

Njiani nikamwambia Zena baiskeli hiyo imeshazeeka, tuiache ipumzike. Akasimama.

"Baba, Jumatatu naenda nayo kazini. Ukipata beringi, naenda nayo. Usipopata, naenda nayo."

Sauti ilikuwa yako. Nami nilikuwa nimeshaiona Buguruni pale njia zinapokutana, binti yangu katikati, pedeli imekwama, na nyuma yake lori.

Kesho yake nikaenda Kariakoo na uongo wangu tayari mdomoni. Nilipanga kuzunguka kidogo kwenye mitaa ya spea, kupishana na mikokoteni, kisha kurudi na kusema hazipatikani. Labda angekasirika akapanda daladala. Labda. Lakini vipi kama angefanya kama alivyosema? Niliduwaa njiani mpaka mpagazi mmoja akanipigia kelele nimpishe, ndipo nikajikuta nimejibanza kwenye mlango wa duka la spea za baiskeli.

Mwenye duka ni mama wa rika letu, miwani ameipandisha juu ya ushungi, kazungukwa na cheni na matairi. Nikamkabidhi gazeti. Akaitazama beringi, akaipitisha kidole, akainusa.

"Kaka yangu, nani anaitia mafuta ya cherehani?"

Nikasema ni mimi. Akaniuliza kwa upole kama sijui kwamba mafuta mepesi yanakwenda kuosha grisi yote iliyomo ndani, na grisi ikiisha, kutu inaingia. Sikujua. Kwenye cherehani ukitia mafuta umetibu. Zilikuwa zimechoka tangu enzi zako, Mama Zena, lakini aliyezimalizia ni mimi, kila Ijumaa, kwa mapenzi.

Akaniletea aina mbili, saizi ile ile. Moja imezibwa ubavuni kwa bati, nyingine kwa mpira mweusi. Nikafanya kama ninavyofanya kila ninapochagua spea ya cherehani: nikazivika kidoleni na kuzizungusha. Ya bati ikakimbia muda mrefu, laini, mlio mdogo mzuri. Ya mpira ikajivuta kidogo ikasimama. Nikashika ya bati. Yule mama hakuifunga. Akaniuliza nani anaipanda na anapita wapi.

"Binti yangu. Anapita Buguruni kila siku, mvua na jua. Mama yake hayupo, nimebaki naye huyo mmoja."

Sikukusudia kumwambia hayo yote. Akanivua ile ya bati kidoleni.

"Hii inakimbia kwa sababu haina cha kuizuia. Maji ya mvua nayo hayana cha kuyazuia. Ya mpira imejaa grisi na imefungwa, ndiyo maana ni nzito. Mpe hii. Haitamkwamia njiani."

Nikachukua za mpira. Nilitoka pale napiga hatua kama niliyebeba mayai. Ule uongo wangu nilikuwa sina tena pa kuutumia, na ajabu ni kwamba hofu haikupungua hata kidogo. Ilihama tu. Nilikuwa naogopa baiskeli mbovu, sasa naogopa baiskeli nzima, maana baiskeli nzima inakwenda mbali.

Fundi akazikandamiza mahali pake, akarudisha ekseli, akasukuma pedeli kwa kidole. Ikazunguka bila neno. Nikamwuliza kama amemaliza, akasema ndiyo hiyo. Leo asubuhi Zena akatoka nayo. Malori yangu yote na mitaro yangu yote ilikuwa kooni, nikaishia kumwambia akaze ushungi. Akaniaga, akakata kona.

Wewe ulipokuwa unarudi nilikuwa nakusikia. Baiskeli yako ilikuwa na ule mlio wake wa kugonga, ko, ko, tangu kwenye duka la kona, nami naharakisha kuinamia cherehani ili usijue kwamba nilikuwa nakungoja. Hukuwahi kujua, au ulijua ukanihurumia.

Sasa haigongi tena, mke wangu, mwenyewe nimeiponya. Adhana ya magharibi imeshapita, duka lao la dawa hufungwa kabla ya hapo. Nimetega sikio na hakuna kitu. Beringi nzuri ziko kimya, na mtu asiyerudi naye yuko kimya, na mimi nimekaa hapa barazani sijui ninachosikia ni kipi kati ya hivyo viwili.

Nimegeuza cherehani nitazame njia. Mungu akulaze pema, Mama Zena, na amrudishe mtoto wetu.

Mumeo,
Baba Zena