Karata kwa Mjomba Awadhi

Jumanne, 17 Juni

Nyumba kimya. Mke wangu Shamila bado yuko Mkunya kwa mjomba wake Awadhi, na mtoto wetu Ziada yuko naye. Kachukua mpaka kigoda cha jikoni. Kigoda cha nini? Au ndiyo namna yake ya kusema harudi?

Niandike ilivyokuwa, maana hapa Masasi kila mtu ana habari yake. Nilifungwa karata kibarazani kwa Ashiru. Nilifungwa vibaya, wakacheka. Nikarudi nyumbani na vicheko vyao kichwani. Shamila akauliza tu kama nimeleta mkaa. Nikalipiga jiko teke. Maji ya ugali yakammwagikia mguuni.

Sikumpiga. Niandike tena: sikumpiga. Lakini mguu umeungua, na Ziada aliona.

Kuna mama mmoja kwenye redio alisema mwenye hasira aandike. Haya, nimeandika. Hasira iko palepale.

Ijumaa, 20 Juni

Mjomba Awadhi kapiga simu. Kwao mjomba ndiye mwenye neno. Baba mkwe hata umlilie vipi, atakuambia nenda kwa mjomba wake. Nilikuwa nimezipanga samahani zangu vizuri kabisa. Akanikatiza. Akauliza kama bado nacheza karata. Nikasema nimeacha. Akasema nisiache, nipande Mkunya Jumapili tucheze.

Karata na mkwe! Mtu ambaye hata kula naye sahani moja naona haya. Nikajibu ndiyo, mjomba. Ningesemaje?

Jumapili, 22 Juni

Baridi ya Mkunya haina adabu. Ukungu umekaa mpaka saa nne, na kila unayekutana naye ana vumbi la salfa kwenye nguo, maana ndio wakati wa kupulizia mikorosho.

Mjomba alikuwa barazani na jirani yake Marko, mzee wa kanisa, mdomo hauna breki. Shikamoo, marahaba, chai. Kisha akanieleza. Tunacheza wawili wawili: yeye na Marko, mimi na shemeji yangu Tahiri, kaka yake Shamila. Upande wenye mgeni ukifungwa, mgeni ndiye anajifunga kanga kiunoni mpaka mchezo unaofuata. Mgeni ni nani? Ni mimi.

"Maneno ya samahani kila mtu anayo," Mjomba alisema. "Mimi nataka nikuone unavyofungwa."

Siku nitakayofungwa na kubaki mtu mzima, ndiyo nitaruhusiwa kukaa na mke wangu tuongee. Kabla ya hapo ni salamu tu, tena kwa mbali.

Basi. Tahiri hajui karata! Turufu anaitupa kama ganda la muhogo. Tukafungwa. Nikajifunga kanga. Tukafungwa tena. Marko akauliza kama pikipiki za watu kule Masasi nazitengeneza kwa akili hiihii. Nikabamiza karata. Meza yao ndogo ikavunjika mguu.

Mjomba aliokota karata moja moja, akazipangusa vumbi, akaniambia nimalize chai niwahi njia.

Shamila alikuwa mlango wa jikoni, mguu umefungwa kitambaa cheupe. Hakushtuka. Hilo ndilo limeniuma njia nzima. Alikuwa ameshampeleka Ziada nyuma ya nyumba kabla sijabamiza.

Jumatano, 25 Juni

Mteja wa Lukuledi karudisha pikipiki. Anadai nimemharibia kabureta, na mafuta machafu katia mwenyewe. Anaongea mbele ya watu. Nikasikia joto linapanda shingoni. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika nati, ile ya spana namba kumi na nne. Nikaiminya. Nikaiminya mpaka kiganja kikauma sana, na uso ukabaki umetulia. Mteja akakatisha maneno akauliza kama naumwa.

Nimegundua kitu! Hasira inataka tu pa kukaa.

Jumapili, 29 Juni

Nimepanda na nati mfukoni. Mezani nikaihamishia kiganjani.

Tulifungwa, kama kawaida. Tahiri alisinzia na karata mkononi. Kanga niliyopewa safari hii ni ya Shamila, ile ya zambarau niliyomnunulia siku Ziada alipozaliwa. Nikajifunga. Marko akasema imenikaa kuliko mwenyewe.

Kisha Mjomba akaiba. Sitanii. Nilitoa ree ya kopa, karata kubwa kabisa. Ukiwa na kopa lazima utoe kopa, hata mtoto anajua. Mjomba akasema hana, akaikata ree yangu kwa turufu. Baadaye kidogo, mchezo uleule, akaweka kopa mezani! Bila hata haya. Tahiri aliona. Marko akaanza kutazama paa la baraza. Mimi nimwambie mkwe wangu kaiba? Mdomo huo nitautoa wapi?

Nikaminya nati. Uso, wanasema, ulikuwa sawa. Lakini wakati wa kuaga sauti ilinitetemeka, na Mjomba akasema bado.

Kwenye kona za kushuka nilizima pikipiki, nikapiga kelele porini, peke yangu, matusi yote ninayoyajua. Kumbe kuna mama anaokota kuni. Akatupa mzigo akakimbia. Nikaufunga mzigo wake upya, nikauweka kando ya njia, nikaondoka. Aibu tupu.

Alhamisi, 3 Julai

Nacheza peke yangu mbele ya kioo. Najifunga mwenyewe, najicheka mwenyewe. Masikio hayawi tena mekundu. Sauti nayo imetii, naiongea chini chini kama mtu wa benki.

Jana nilipita kwa Ashiru. Nikacheza, nikafungwa, nikashukuru. Hakuna aliyecheka. Raundi ya pili nikawafunga wote. Ashiru anasema siku hizi hajui nimeshika nini, uso wangu haumwambii kitu.

Kiganja kimechubuka, natia dawa. Naona nimepona. Nimepona?

Jumapili, 6 Julai

Naandikia hapahapa Mkunya, kwenye benchi la nyuma, maana nisipoandika sasa sijui nitafanya nini.

Leo walinikamia. Tahiri aliharibu kila alichogusa. Mjomba aliikata ree yangu kwa turufu, halafu akatoa kopa, vilevile kama wiki ile, akanitazama usoni. Nikatoa karata iliyofuata. Nikafungwa. Nikajifunga kanga. Marko akaona hiyo haitoshi. Akasema Ziada siku hizi akiulizwa baba yako anafanya kazi gani, anajibu anapiga jiko teke.

 Naandika kama ilivyo. Nilitaka kuivuka meza nimvamie Marko, na nilitaka kulala chini nilie. Nati iliingia kwenye kidonda. Nikasikia sauti yangu inasema Ziada mtoto mkweli, naomba chai nyingine.

Sauti imenyooka kabisa!

Mjomba akakusanya karata. Safari hii hakuzipangusa.

"Ile kopa nilikuwa nayo," akasema. "Na wewe uliiona."

"Niliiona, mjomba."

"Haya, nenda kaongee na mkeo."

Nilitaka kufurahi. Uso ukakataa. Umezoea.

Shamila alikuwa jikoni anamenya ming'oko, mizizi ya porini. Mguu hauna kitambaa tena, kuna baka jeupe juu ya vidole. Nilikaa kwenye kigoda chetu, kile cha Masasi. Nikamwambia kila kitu: kioo, mazoezi, kwa Ashiru. Nikamwambia hasira imekwisha. Niliyasema taratibu, vizuri, hata mimi nilijisikia mtu mwema.

Aliacha kumenya. Alinitazama muda mrefu, masikio, shingo, kama anayetafuta kitu alichokiacha hapo.

"Zamani nilikuwa naiona inakuja, Baba Ziada," akasema. "Inaanzia masikioni, halafu shingo. Nilikuwa najua saa ya kumtoa mtoto nje. Siku ile ya jiko tu ndiyo nilichelewa. Leo nimekutazama tangu mnagawa karata mpaka mwisho. Sikuona kitu. Sasa nitajuaje?"

Nikarudia kwamba imekwisha.

"Imekwenda wapi?"

 Nati ilikuwa mkononi wakati huohuo. Nikiukunjua mkono ataona damu, atajua haijaenda popote, na kazi yote nimeimwaga. Nisipoukunjua, basi mimi ndiye mtu yuleyule anayemwogopa, amekaa mbele yake anaongea taratibu. Nilizunguka pande zote za swali lile sikupata mlango.  Akainuka, akaingia ndani.

Kutoka hapa nasikia sanduku limefunguliwa. Nguo zinaingia au zinatoka, sijui. Kitu kimoja hicho, na siwezi kukijua. Barazani Mjomba na Marko wanacheka habari zao, kwao shughuli imeisha. Mjomba kanipigia kelele niwahi kufunga mizigo kabla ukungu haujarudi. Mizigo ipi?

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto bado nimeukunja, na sasa hata nikitaka kuukunjua vidole ni vizito.

Ziada amekuja. Kanisalimia shikamoo baba, vizuri, kama alivyofundishwa. Nikamwita. Kasogea kidogo, kasimama pale ambapo mkono wangu haufiki.

Anauliza nimeshika nini.

Nimemwambia sina kitu. Nimemwambia kwa ile sauti yangu nzuri.

Hajaondoka. Anautazama mkono, halafu uso, halafu mkono.